Kocha kaondoka, mtoto kavua jezi

Wasomaji wangu, bahasha na ujumbe wa simu mlionitumia safari hii vinazungumza jambo moja: kocha tuliyempenda kaondoka, tufanyeje na haya tunayoyasikia kifuani? Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu ina mtoto ndani yake, na kwa sababu niliposoma mstari wa jezi chini ya godoro niliacha cherehani nikatoka nje kidogo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, nauza vitenge. Mume wangu ni Yanga, mimi ni Simba, na kijana wetu wa pili, ana miaka 9, alinifuata mimi. Wenzake wanawapenda washambuliaji, yeye alimpenda kocha. Fadlu Davids akisimama pembeni ya uwanja amekunja mikono, na huyu anasimama mbele ya TV amekunja mikono.

Mwezi wa nne 2025 nilimpeleka kwa Mkapa tulipocheza na Al Masry. Tulikuwa tumefungwa 2 kule Misri, tukarudisha zote 2, tukaenda kwenye penalti. Camara alipodaka, mtoto alinirukia shingoni mpaka ushungi ukaanguka. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane kule Amaan, Zanzibar, tuliitazama nyumbani. Tulipokosa kombe alilia, halafu akajifuta akaniambia, "Mama, mwakani Fadlu atalichukua." Nikamwambia ndiyo.

Basi mwezi wa tisa msimu ndiyo kwanza umeanza, tumetoka kuifunga Gaborone United kwao, siku chache tu tukasikia Fadlu anakwenda Raja Casablanca. Mume wangu akacheka, akamwambia mtoto, "Kocha wako kawakimbia." Mtoto hakujibu. Alivua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya godoro, na mpaka leo hajaitoa. Usiku akaniuliza, "Kwani hakusema kama ataondoka?" Nilikosa jibu. Mimi mwenyewe nilijifungia bafuni nikalia, kisha nikaona aibu, mtu mzima namlilia mwanamume ambaye hajui hata kama nipo duniani.

Fundi, najua wewe ni Mwananchi, lakini nimekuamini. Nimwambie nini mtoto? Na je, nikimwita huyu kocha msaliti nitakuwa nimekosea?
Mama Simba, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuniandikia, na hilo la mimi kuwa Yanga lisikusumbue. Msiba wa jirani haulizwi kadi ya uanachama.

Nianze na aibu yako ya bafuni, maana naona ndiyo iliyokuuma zaidi. Hukumlilia mtu usiyemjua. Unamjua. Kwa mwaka mzima na zaidi ulimwona kila wiki, ukamsoma uso, ukajua akiwa na hofu anafanya nini na akiwa na furaha anafanya nini. Kuna mashemeji huwajui kiasi hicho. Kwamba yeye hakujui wewe, hilo halipunguzi kitu katika ulichokisikia. Mimi nina miaka 67, nimeoa, nimezika wazazi, na nimewahi kulilia kocha.

Nitakusimulia, kwa sababu nadhani ndani yake kuna jibu la mwanao.

Nina cherehani mbili barazani Kariakoo, si mbali na makao makuu yetu pale kona ya Twiga na Jangwani. Kazi yangu ni sare za shule, lakini msimu ukianza nashona bendera. Agosti 2022 alikuja mteja wangu mmoja, anauza chipsi, ameshika satini ya njano mita tatu na kipande cha kijani. Alitaka bendera ya kutundika juu ya kibanda chake, na juu yake iandikwe PROFESA NABI. Herufi 11. Nilizichora kwanza kwenye kadibodi, nikazikata, nikazipiga chaki kwenye kitambaa cha kijani, nikazishona kwa zigizaga pande zote ili upepo usizing'oe. Herufi iliyonisumbua ni S, maana satini inateleza na kona za S hazina pa kushikia. Nilirudia mara mbili. Nilifanya hivyo kwa mapenzi, maana na mimi nilikuwa na deni kwa Nasreddine Nabi.

Ili ulijue hilo deni, kumbuka tulikotoka. Nyie mlichukua ubingwa mara 4 mfululizo, kuanzia 2017/18 mpaka 2020/21. Miaka hiyo sisi tulipitisha bakuli. Klabu ya mwaka 1935, inachangisha mashabiki ili wachezaji wale. Mwinyi Zahera ndiye aliyekuwa kocha wetu kipindi kile cha njaa, na mpaka leo wazee wa Jangwani ukiwatajia Zahera wanatikisa kichwa kwa upole, ingawa hakutuachia hata kombe moja. Kisha Aprili 2021 akaja Nabi. Msimu wa 2021/22 tukawa mabingwa bila kupoteza mchezo wa ligi. Tukafika michezo 49 bila kufungwa, mpaka Ihefu walipotusimamisha kule Mbeya mwezi wa 11, 2022. Mwaka uliofuata tukaingia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nyumbani tukafungwa 2-1 na USM Alger. Tukaenda kwao Algiers tarehe 3 Juni, Djuma Shaban akafunga penalti, tukawapiga 1-0 mbele ya watu wao. Jumla 2-2. Kombe wakachukua wao kwa goli la ugenini. Hatukuwa wanyonge siku ile, mwanangu. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka nilikotazamia mpira, sikutaka kupanda gari lenye watu.

Siku tisa baadaye nilikuwa Mkwakwani, Tanga, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa ndani. Musonda akaifunga Azam, tukashangilia, na njia nzima ya kurudi Dar tulipanga mipango ya mwakani, Nabi akiwa katikati ya kila mpango. Kabla wiki haijaisha tukatangaziwa kuwa anaondoka.

Kwa hiyo mwanao alivyosema "mwakani Fadlu atalichukua", mimi nilikuwa na miaka 65 nikisema maneno hayohayo ndani ya basi, pale Chalinze, nikila mahindi ya kuchoma.

Baada ya wiki chache yule mteja alirudi na bendera imekunjwa kwapani. Hakunisalimia. Akaiweka mezani akasema, "Fundi, fumua hilo jina." Nilijaribu kumsihi, akakataa. Nikachukua wembe, nikaanza na P. Kufumua zigizaga kunachukua muda mrefu kuliko kuishona, unakata uzi mmoja mmoja usije ukachana kitambaa. Tulikaa kimya wote wawili karibu saa nzima, nyuzi za kijani zinamwangukia magotini. Nilipotoa ile I ya mwisho nikaikung'uta bendera nikaitandaza, na hapo ndipo tulipoona. Jua la mwaka mzima juu ya kibanda lilikuwa limeifubaza ile njano mpaka ikawa kama ugali wa muhogo. Lakini palipokuwa na herufi, njano ilikuwa mbichi, ileile ya siku ya kwanza dukani. PROFESA NABI ilisomeka vizuri kabisa, na matundu ya sindano yameizunguka.

Mteja aliitazama, akanilipa, akaondoka nayo. Sikuthubutu kusema neno. Novemba ile, tulipowafunga nyie 5-1 (unisamehe kulitaja, limo kwenye hadithi), watu walimiminika barabarani, na mimi kutoka ng'ambo ya pili niliiona bendera ile juu ya kibanda na nikaisoma. Kocha alikuwa Gamondi siku ile, aliyempokea Nabi.

Sasa nikujibu la usaliti.

Sitakudanganya kwamba muda aliouchagua Fadlu ulikuwa mzuri kwenu. Septemba, ligi inaanza, mechi ya marudiano ya Afrika haijachezwa, hapana, hiyo inauma na una haki ya kuumia. Nyie mmeshaonja hata kabla. Tarehe 6 Januari 2021 mliwafunga FC Platinum 4-0 mkaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, watu hawajamaliza kupiga vigelegele, kesho yake kocha wenu Sven Vandenbroeck akaaga, akaenda Rabat kwa AS FAR. Na hao AS FAR ndio walioondoka na Nabi wetu miaka miwili na nusu baadaye. Morocco wana ligi yenye fedha na wana macho, wanatutazama kuliko tunavyodhani.

Lakini neno msaliti ni zito, na ukilitumia kwa kocha anayeondoka lazima ulipime pia upande wa pili. Hesabu nasi pamoja. Aussems aliwafikisha robo fainali ya Afrika 2019, mwaka huohuo mwezi wa 11 mkamwachisha. Gomes aliongoza kundi lililokuwa na Al Ahly, Oktoba 2021 akawa hayupo. Kwetu Zahera, Kaze, Gamondi, wote tuliwaondoa katikati ya msimu. Nani kati yetu aliandika barua kuuliza watoto wa makocha wale walikuwa wanasoma shule gani Dar es Salaam na walihamishwaje mwezi wa 11? Kocha anaishi na begi lililofungwa nusu. Mkataba wake una kipengele cha kuvunja, na kipengele hicho klabu inakitumia mara nyingi kuliko yeye. Safari hii ametangulia yeye kukitumia.

Na mwangalie alikokwenda. Fadlu alikuwa kocha msaidizi palepale Raja kabla hajaja kwenu Julai 2024. Fikiria fundi msaidizi aliyekuwa akishona vifungo kwenye duka kubwa la mjini, akatoka akafungua kibanda, akasifika, kisha wenye duka wakamwita arudi ashike mkasi mkuu. Ningekuwa mimi ningekwenda. Ningelia njiani, lakini ningekwenda.

Unajua kwa nini inauma hivi, ingawa hakuwapa kombe? Mimi naamini tunampenda kocha kwa hali aliyotukuta nayo. Fadlu aliwakuta mmetoka kumaliza wa tatu, nyuma yetu na nyuma ya Azam, mmechekwa mitaani, kikosi kimesukwa upya chote. Akawafikisha fainali ya Afrika ambayo hamkuwa mmeiona tangu 1993 na Stella Abidjan. Alipoondoka, moyo wako uliogopa kurudi shimoni. Hofu hiyo ndiyo iliyokuliza bafuni. Mimi nayo ilinishika 2023, nikakaa wiki tatu sisikilizi kipindi cha michezo redioni, mke wangu akadhani naumwa.

Kuhusu mtoto, mwambie ukweli, na umwambie mkiwa mnafanya kitu kingine, mkichambua mchele au mkitembea kwenda dukani, asijisikie ameitwa kwenye kikao. Amekuuliza kama kocha alisema ataondoka. Mjibu, "Hapana, hakutuambia, na mimi pia iliniuma." Aone kwamba hayuko peke yake. Kisha mwambie alikuwa msaidizi kule, halafu wakamwita aongoze. Mtoto wa miaka 9 anaelewa kupandishwa darasa. Usimwambie kocha mpya atakuwa bora, hulijui hilo, na mara ya kwanza ulisema "ndiyo" kwa jambo ambalo halikuwa mikononi mwako. Wala usimwambie "ni mpira tu". Mtoto aliyekunja jezi vizuri kabla ya kuificha hajaitupa, mama. Ameihifadhi. Iache chini ya godoro mpaka aitoe mwenyewe, ila ukibadilisha shuka iangalie isipate unyevu.

Na huyo kusimama amekunja mikono, usimkataze. Hiyo ameshaichukua, ni yake.

Nina neno kwa mumeo, umsomee. Bwana, wewe ni Mwananchi mwenzangu. Utani wa Simba na Yanga tumeukuta, na mimi nimeula na kuulisha kwa zaidi ya miaka 50. Lakini utani una wenza wake. Mtu mzima anamtania mtu mzima, naye anajibu. Mtoto wako hakuwa na la kujibu, akavua nguo. Siku Nabi alipoondoka, je, baba yako au kaka yako alikucheka? Kama alikucheka, unajua ilivyokuwa. Kaa naye, mwambie na sisi tuliondokewa, mwambie ulifanya nini wiki ile. Halafu mchukue umpeleke uwanjani kwenye mechi ya Simba, wewe mwenyewe, umnunulie karanga, ukae jukwaa lao na mdomo wako umefungwa dakika zote 90. Utaweza.

Mwisho wa jambo hili nikwambie kilichonitokea Julai 2024. Yanga tulikwenda Bloemfontein, Afrika Kusini, kucheza na Kaizer Chiefs, na kocha wa Chiefs, mgeni kabisa kazini, alikuwa Nabi. Kaze, aliyewahi kuwa kocha wetu kabla yake kisha akawa msaidizi wake hapa kwetu, alikuwa naye kule kwenye benchi. Tukawapiga 4-0. Bao la kwanza niliruka. La pili nikaruka. Lilipoingia la nne wenzangu walikuwa juu ya mabenchi, na mimi nilikuwa nimekaa, natafuta kwenye TV kama kamera itamwonyesha. Nilitaka tu kuona kama hali yake ni nzuri. Hasira ilikuwa imekwisha siku nyingi bila mimi kujua ilikwisha lini.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 27, natoka Kisauni, Mombasa, ni shabiki wa Liverpool. Klopp aliingia Oktoba 2015 nikiwa shule ya upili, akaondoka Mei 2024 nikiwa na kazi. Slot alipokuja, msimu wake wa kwanza tu akachukua ligi. Siku tulipoifunga Tottenham 5-1 tukawa mabingwa, nilifurahi lakini si vile nilivyodhani ningefurahi. Nilijiona kama mtu aliyekula pilau la harusi ya watu.

Wakati wa Klopp tulikuwa wanne, tunatazama kwenye banda moja karibu na stegi ya matatu. Tulikuwa na benchi letu la nyuma, mguu mmoja ulikuwa mfupi tukauwekea tofali. Mwenye banda alituachia kwa bei ya watatu. Usiku wa Barcelona, 4-0, tarehe 7 Mei 2019, wakati Trent alipopiga ile kona haraka na Origi akafunga, sisi wanne tulianguka na benchi lote, tofali likaruka upande mwingine, mmoja wetu akachubuka goti na hakusikia mpaka asubuhi. Sasa huyo wa goti yuko Doha, anafanya kazi ya ulinzi. Mwingine ameoa Malindi. Wa tatu tuligombana kwa pesa ndogo. Banda lenyewe limekuwa duka la simu.

Je, mimi si shabiki wa kweli? Nilimpenda Klopp tu, sikuipenda klabu?
Mwekundu wa Kisauni

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikahesabu. Klopp umemwandikia mistari michache. Benchi, tofali na goti umeviandikia aya nzima. Jibu umelibeba mwenyewe ndani ya bahasha.

Ushabiki wako ni wa kweli. Ila miaka ile tisa kasoro ya Klopp ilikuwa ndiyo miaka yako ya ujana, na mtu yule alikuwa kama ukuta ambao nyinyi wanne mlining'iniza vitu vyenu. Alipotangaza Januari 2024 kwamba nguvu zinamwishia, ulidhani anayeondoka ni mmoja. Wenzako walikuwa wameshaondoka, kidogo kidogo, pasipo mkutano wa waandishi wa habari na pasipo uwanja mzima kusimama. Yeye akapata kuagwa na wao hawakuagwa, nawe huzuni yote ukaipeleka kwenye jina moja.

Kuhusu Slot, usijilazimishe. Lakini kumbuka Klopp mwenyewe alifanya nini siku yake ya mwisho, tarehe 19 Mei 2024, baada ya ule ushindi wa 2-0 dhidi ya Wolves. Alichukua kipaza sauti pale Anfield, na badala ya kuimbiwa yeye, akawaongoza watu kuliimba jina la Arne Slot, mgeni ambaye hata hajafika. Nilipoona vile nilisimama barazani kwangu, mimi ambaye si wa Liverpool. Mtu amejenga nyumba miaka tisa, anatoka, na anamkaribisha mwenzake sebuleni kabla hajafunga mlango. Kama unampenda kweli Klopp, hilo ndilo alilokuomba.

Mechi kubwa ijayo mpigie simu yule wa Doha, kila mtu awashe TV yake, simu iwe kwenye spika. Yule wa pesa ndogo nenda kamwone wewe mwenyewe, usitume ujumbe. Pesa ulishaiita ndogo kwa kalamu yako.

SWALI: Fundi, mimi ni Mwananchi ninayeishi Singida. Miguel Gamondi alikuja Singida Black Stars mwaka 2025. Huyu ndiye aliyetupa zile 5, ndiye aliyetupeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Akikutana na Yanga, nimpigie makofi au ninyamaze? Wenzangu wa tawi wanasema ukimpigia makofi kocha wa wapinzani wewe si mwenzetu.
Wa Tawini, Singida

JIBU: Mpigie. Nakumbuka usiku ule wa Aprili 2024 kule Pretoria, shuti la Aziz Ki linagonga mwamba na kudunda chini, sisi wote tumeona limevuka mstari, na mwamuzi hakulikubali. Tukatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya dakika 180 bila mtu kufunga mtu. Gamondi alisimama na vijana wetu mpaka wa mwisho. Novemba mwaka huohuo tukafungwa na Azam, tukafungwa na Tabora United, akaondolewa, na wengi wetu hatukupata hata nafasi ya kumwambia ahsante.

Basi hiyo ndiyo nafasi. Timu zikitoka vyumbani, akielekea kwenye benchi, simama na umpigie makofi ayasikie. Wenzako wa tawi waambie Fundi wa Jangwani ndiye aliyekutuma. Refa akipuliza filimbi, kaa chini, funga skafu yako vizuri, na kuanzia hapo umwombee afungwe.